Maneno Mawili ya Kiingereza na Maji ya Ziwa Letu

Wasomaji wa gazeti hili walio wengi ni makarani, na kazi ya karani, tukiacha hesabu za fedha na kupanga majalada, ni kulichukua neno kutoka lugha moja na kulifikisha katika lugha nyingine bila kulipunguza wala kulinenepesha. Mikataba baina ya dola yetu na mataifa mengine imeandikwa kwa Kiingereza. Sheria nyingi nazo zilitungwa kwa Kiingereza. Lakini mwananchi aliye Liuli au Lituhi huzisikia kwa Kiswahili, kutoka kinywani mwa mtumishi wa serikali aliyetumwa kuzisoma. Hapo katikati ndipo tulipo sisi. Neno likianguka njiani, mkubwa aliyelituma hajui kwamba limeanguka, wala mkulima aliyelipokea hajui.

Leo twapenda kusema juu ya maneno mawili ya Kiingereza, nayo ni "shore" na "bank". Huenda mwanachama mmoja akauliza kama chama hakina shauri kubwa kuliko hili, na hali mishahara, uhamisho na malimbikizo vyote vyangoja. Swali ni la haki. Twajibu kwamba kwa sisi tulio huku Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, katika wilaya ya Nyasa ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Mbinga, maneno haya si ya darasani. Moja kati yake limewekwa baina ya miguu yetu na maji tunayoyachota kila asubuhi, na watu wa mbali wamelitumia kusema maji hayo ni ya nani. Tena makarani wengi wanayafasiri yote mawili kwa neno moja, wakidhani hapana tofauti.

Tuanze na "bank". Hatusemi ile benki ya fedha, ingawa neno huandikwa vile vile, na tumepata kusikia habari za kijana aliyefasiri habari ya mafuriko akaandika kwamba benki ya mto imevunjika, wasomaji wakauliza fedha zao ziko wapi. "Bank" ya maji ni ile ardhi iliyoinuka kando ya maji yapitayo, yaani mto au mfereji. Mto hushikwa na ardhi pande mbili, na kwa hiyo Mwingereza alitajapo neno hili aghalabu hulitajia upande: wa kaskazini au wa kusini, wa kulia au wa kushoto. Anayesema "bank" moja amekwisha kukiri kwamba ya pili ipo, na ya kuwa kati ya hizo mbili kuna kitu ambacho hakikuwa cha upande mmoja tu.

"Shore" si hivyo. "Shore" ni mahali nchi kavu inapokutana na maji mapana, ya bahari au ya ziwa. Haina mwenzake wa kuitazama. Mtu akiondoka Ngumbo akaufuata ufuko wa ziwa hili kwa miguu, kuelekea kaskazini, atapita Lituhi na Manda, azunguke Matema, ashuke Karonga na Nkhata Bay, auvuke mto Shire unaotoka ziwani kule kusini, apande tena kwa upande wa Msumbiji, na mwisho atarudi Ngumbo akiwa mzee. Mito ataivuka, lakini ziwa hatalivuka hata mara moja. Ni "shore" ile ile moja, imezunguka kama mdomo wa chungu. Hakuna upande wa kulia wala wa kushoto wa mdomo wa chungu.

Kuna tofauti nyingine, nayo ndiyo yenye uzito. Sheria ya Kiingereza huita "shore" ya bahari ule ukanda ulio kati ya maji yajaapo na maji yapwapo. Maana yake ni kwamba "shore" si mstari. Ina upana; mtu aweza kusimama ndani yake, akatandaza nyavu, akaanika usipa. Na upana huo hubadilika. Ukingo wa mto pia huliwa na maji, twajua, lakini kwa kawaida mtu akiutazama auona: hapa ardhi imekatika, pale maji yaanza. "Shore" ya mchanga haina mahali palipokatika. Lipo pia neno la tatu, "coast", nalo ni nchi ya bahari kama aionavyo nahodha aliye melini. Mto hauna "coast" kabisa. Tunalitaja kwa sababu tutakutana nalo hapo mbele.

Sasa tuitazame lugha yetu. Kiswahili kilizaliwa baharini, na maneno yake ya maji yana chumvi. Neno "pwani" latokana na kupwa. Pwani ni mahali pa maji kupwa, na kwa hiyo lafanana sana na ile "shore" ya sheria ya Kiingereza, kuliko neno lingine lolote tulilo nalo. Lakini ziwa letu halipwi na kujaa kila siku kama bahari. Hupanda kwa masika na kushuka kwa kiangazi, na zaidi ya hapo hupanda na kushuka kwa miaka. Kwa hiyo mtu wa Ngumbo hasemi kwamba akaa pwani. Akisema ndugu yake yuko Pwani, ujue yuko Bagamoyo au Kibaha. Sisi husema ziwani, au ufukoni, yaani penye mchanga. "Ukingo" ni neno la mto, na pia la kila kitu chenye mwisho ulioinuka: ukingo wa chombo, ukingo wa kitanda. "Kando" ni pembeni pa chochote, hata barabara. Na kando ya ziwa hili, ambako misheni ya Likoma ilianza kazi mwaka 1885 na ambako Padre William Percival Johnson alizikwa, pale Liuli, mwaka 1928, wazee waliofundishwa kwa Kinyanja hujua neno "gombe", nalo hutumika kwa ziwa na kwa mto pia bila kubagua.

Lakini neno lililo zuri kuliko yote, kwa maoni yetu, Waingereza hawana: ni "ng'ambo". Ng'ambo ni nchi iliyo upande wa pili wa maji, nayo haipo mpaka awepo mtu wa upande huu wa kuitazama. Kwa mtu wa Ngumbo, Nkhata Bay ni ng'ambo. Kwa mtu wa Nkhata Bay, Ngumbo ni ng'ambo. (Wageni husikia majina haya mawili, Ngumbo na ng'ambo, wakadhani tunawachezea.) Neno hili halisemi maji ya katikati ni ya nani. Lasema tu kwamba yapo na kwamba watu huyavuka.

Tena kuna "mpaka", neno lililowaponza makarani wengi. Ni jina la mahali nchi mbili au mashamba mawili yanapotengana, na papo hapo ni neno la kufikia: nitangoja mpaka kesho. Mtumishi apewaye likizo mpaka Jumatatu hufika kazini Jumanne na barua yake mkononi, na mkuu wake aliyemtarajia Jumatatu humwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Wote wawili wamesoma karatasi moja. Basi weka maji mahali pa Jumatatu. Shamba la fulani laenda mpaka ziwani. Je, ziwa limo?

Swali hilo hilo ndilo lililoulizwa juu ya nchi nzima. Tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano ya kugawana sehemu za Afrika ambazo zilikuwa na wenyewe. Ujerumani ilipewa kisiwa kidogo cha Heligoland kilicho karibu na nchi yao. Uingereza ikaachiwa kuihami Unguja. Na baina ya hayo mistari mirefu ikapigwa katika nchi ambazo watia sahihi hawakuzikanyaga. Mstari wa kusini wa himaya ya Wajerumani ulielezwa kwa sentensi moja ndefu. Waanzia bahari ya Hindi penye mwisho wa kaskazini wa Msumbiji, wafuata mto Ruvuma hadi unapokutana na mto Msinje, kisha waelekea magharibi moja kwa moja mpaka ziwani. Hapo wageuka kwenda kaskazini, ukifuata "shores" za ziwa, ya mashariki, ya kaskazini na ya magharibi, mpaka "bank" ya kaskazini ya mlango wa mto Songwe, na baada ya hapo waupanda mto huo.

Tazameni, ndugu. Baharini wameandika "coast". Ziwani wameandika "shores". Mtoni wameandika "bank". Maneno matatu katika sentensi moja, kila moja mahali pake. Hata ile "bank" ya kaskazini haikuwekwa ovyo: anayeufuata ufuko akitoka kaskazini huufikia ukingo wa kaskazini wa Songwe kabla ya ule wa kusini, na hapo ndipo ufuko unapokatika na mto unapoanza. Watu walioandika hivi hawakuwa wakibahatisha Kiingereza.

Nakala ya Kijerumani yafundisha kitu kingine. Mjerumani husema "Ufer" kwa ziwa na "Ufer" kwa mto. Lugha yake, kama Kinyanja na gombe lake, haikuona haja ya kutenga. Kwa hiyo mtu akiisoma nakala ya Kijerumani peke yake aona mstari unaofuata "Ufer" ya ziwa mpaka "Ufer" ya mto, na tofauti yote tuliyoieleza hapo juu imekwisha kuyeyuka. Nakala mbili za mapatano mamoja, na moja yaona kitu ambacho ya pili haikioni. Karani aliyepata kufasiri barua ya ofisi atawahurumia waliozilinganisha.

Sasa neno hili lafanya nini huku kwetu? Tukilishika kama lilivyo, mtoto wa Ngumbo aogaye akiwa amezama hadi magotini amekwisha kutoka nchini mwake. Mama achotaye maji amechota ya wenyewe. Mvuvi arudiye alfajiri na usipa au mbasa, kwa mtumbwi aliouchonga kwa mti wa milima ya Mbinga, ametoka ughaibuni. Meli MV Mbeya II ikipakia abiria Mbamba Bay imefungwa kwa kamba katika nchi moja na kuelea katika nchi nyingine. Hakuna aishiye hivyo, wala hakuna aliyepata kuishi hivyo.

Na ufuko wenyewe hausimami. Kati ya mwaka 1915 na 1935, kwa kadiri, ziwa lilishuka hata mto Shire ukakoma kutoa maji yake, mlango wake ukazibwa na mchanga na majani. Kisha maji yakapanda na mto ukatoka tena. Katika miaka ya 1979 na 1980 ziwa lilipanda mno, likala mashamba na nyumba zilizo chini. Basi tuulize: mpaka wa dola uliowekwa juu ya "shore", je, nao ulipanda kijijini mwaka 1980? Na katika miaka ile mchanga ulipokuwa mpana, je, himaya iliongezeka bila mtu kutia sahihi? Mto Songwe nao huhama, tena sana; mafuriko hukata pinde zake, na shamba lililolala upande huu hulikuta asubuhi liko upande ule, na ndiyo sababu Tanzania na Malawi zimekubaliana kushirikiana katika mradi wa kuutuliza mto huo na bonde lake. Lakini mto uhamapo, majirani wawili hubaki wakitazamana, kila mmoja na ukingo wake. "Shore" ihamapo, mmoja ana maji yote na mwenzake hana hata ya kunawa uso.

Wajerumani wenyewe waliweka meli ya moshi ziwani katika miaka ya 1890, Hermann von Wissmann, na bandari yao ya Sphinxhafen ndiyo Liuli ya leo. Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliiendea hapo Liuli na kuipiga mizinga ikiwa imevutwa juu ya nchi kavu kutengenezwa. Haki ya kusafiri si haki ya kumiliki, hilo twalijua, na hatusemi kwamba meli moja yaweza kufuta mapatano. Twasema tu kwamba waliotia sahihi hawakuishi kama watu waliofungiwa mchangani.

Lililo kubwa zaidi ni la mwaka 1954, nalo halijulikani na wengi. Mpaka wa Nyasaland na Msumbiji katika ziwa hili hili, kwa mapatano ya Waingereza na Wareno ya mwaka 1891, ulifuata nao "shore" ya mashariki. Wareno hawakuwa na maji. Novemba 1954 pande hizo mbili zilipatana upya, mstari ukaondolewa ufukoni na kupelekwa katikati ya ziwa. Visiwa vya Likoma na Chizumulu, ingawa viko karibu kabisa na Msumbiji, vikabaki vya Nyasaland pamoja na maji yaliyovizunguka. Hakuna aliyesema kwamba neno "shore" la mwaka 1891 lilikuwa na maana ya katikati. Walilikubali neno kama lilivyokuwa, kisha wakaandika lingine.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na ikitawaliwa na Mwingereza yule yule aliyetawala Nyasaland. Kama angalitaka, mpaka wa upande wetu ungaliweza kusawazishwa siku zile bila ugomvi. Haukusawazishwa. Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961, Nyasaland ikawa Malawi Julai 1964, na mwezi ule ule huko Cairo wakuu wa nchi za Afrika wakakubaliana kuiheshimu mipaka iliyokuwapo uhuru ulipopatikana. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliiandikia Malawi kwamba mpaka ni katikati ya ziwa. Rais Banda akakataa mwaka huo huo. Shauri likalala. Mwaka 2011 Malawi ilitoa ruhusa kwa kampuni ya nje kutafuta mafuta chini ya ziwa. Mwaka 2012 Tanzania ikataka kazi hiyo isimame. Wakaitwa wapatanishi, wakuu wa zamani wa nchi za Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji. Shauri halijakatwa.

Maoni yetu ni haya, nayo si lazima yawe maoni ya chama. Tumewasikia wenzetu wengi, wasomi kwa wasio wasomi, wakishindana kwamba neno "shore" ukilisoma vema laweza kuwa na maana ya katikati ya maji, au kwamba Mwingereza alikosea akaandika "shore" alipotaka kuandika jingine. Twaona njia hii haifai. "Shore" maana yake ni ufuko. Mtu aliyeandika "bank" mstari huo huo alilijua neno alilolichagua, na mwenzetu wa Malawi ajuaye Kiingereza atacheka na kufunga kitabu. Ukimtetea mvuvi wa Ngumbo kwa fasiri mbovu umemwacha bila mtetezi, kwa maana siku fasiri itakapoanguka naye ataanguka pamoja nayo.

Yako ya kusimamia ambayo hayamtaki mtu apinde neno. Ibara ya 6 ya mapatano yale yale ya 1890 ilisema mistari hiyo yaweza kurekebishwa kwa kupatana, kwa kadiri ya mahitaji ya mahali. Mahitaji ya mahali! Waandishi wenyewe walikiri kwamba kalamu ya Berlin haikuyaona yote; na kama kuna hitaji la mahali lililo wazi, ni la mtu kuyafikia maji yaliyo mbele ya mlango wake. Kisha kuna mfano wa 1954, katika ziwa hili hili, wa "shore" iliyokwisha kubadilishwa kwa heshima na pande mbili. Kuna maziwa mengine mawili makubwa ya nchi yetu, Viktoria na Tanganyika, ambako mpaka wapita majini na kila nchi ina sehemu yake. Na kuna maana ya neno lenyewe, ikisomwa kwa haki: kwa kuwa "shore" ni ukanda wenye upana na wenye kuhama, haiwezi kuwa mpaka imara wa dola mbili bila mtu kusema ni "shore" ya mwaka gani, na ya mwezi gani. Hayo yote mtu aweza kuyasema mbele ya hakimu yeyote, kwa Kiingereza kilichonyooka.

Hatusemi kwamba wenzetu wa Malawi hawana hoja. Wanalo neno, na wana azimio la Cairo, na hayo mawili si haba. Wala si adui zetu. Watu wa ufuko huu wana shangazi na wajomba ng'ambo, walisali kanisa moja na kuimba nyimbo moja za Kinyanja. Hata jina la ziwa twagombania bure. Wao wamelipa jina la nchi yao, sisi twasema Nyasa, na Nyasa kwa lugha za huku ni ziwa tu, hata tusemapo Ziwa Nyasa tumesema Ziwa Ziwa. Jina halimnyimi mtu samaki.

Tuliache jambo la mataifa, tuje kwenye meza zetu, maana hapo ndipo sisi tuwezapo kutenda kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kando ya bahari, ziwa na mto. Kila mtumishi wa wilaya yenye maji aijua mita 60. Wananchi nao waijua, kwa kuwa nyumba zao zimetiwa alama nyekundu kwa ajili yake. Na sheria hiyo nayo, katika Kiingereza chake, imetenga ufuko wa ziwa na ukingo wa mto kwa maneno mbalimbali. Lakini katika barua na mihtasari ya vijiji tunayoiona, yote mawili yameandikwa "kingo za maji", au "ukingo" tu, na mara nyingine "mpaka wa maji".

Madhara yake ni haya. Aliyeandikiwa kupima kutoka ukingoni hutafuta mahali ardhi ilipokatika. Kwenye mto Ruhuhu atapaona. Kwenye mchanga wa ziwa hapaoni, basi huchagua: mmoja huanza penye maji ya leo, mwingine penye majani ya kwanza, wa tatu penye alama ambayo mzee wa kijiji humwonyesha kwamba maji yalifika mwaka 1980. Kati ya kwanza na ya mwisho, mahali palipo tambarare, kuna nyumba, na makaburi, na mashamba ya mihogo. Nyumba ile ile yaweza kuwa halali kwa kipimo cha Oktoba na haramu kwa kipimo cha Mei, na mwenyewe hakuisogeza. Halafu mwananchi akishtaki, jalada hufunguliwa, na ndani yake limo neno "ukingo" lisilosema lolote, na chini yake sahihi ya mmoja wetu.

Basi twashauri hivi kwa wenzetu walio katika ofisi za kando ya ziwa, tangu Kyela na Ludewa mpaka huku Nyasa. (Na Nyasa imo!) Mwandikapo habari za mto, andikeni "ukingo", nanyi mtaje ni wa upande gani. Mwandikapo habari za ziwa, andikeni "ufuko wa ziwa", wala msiandike ukingo, wala pwani. Mpimapo kutoka ufukoni, taja katika karatasi hiyo hiyo tarehe ya kupima, na ueleze kipimo kilianza penye kitu gani kionekanacho: maji ya siku ile, mstari wa takataka zilizoachwa na mawimbi ya mwera, au mti. Hilo halihitaji kibali cha mkubwa yeyote. Ni mistari miwili ya wino. Na katika hati za mashamba acheni kabisa kuandika "mpaka ziwani". Andikeni shamba laishia wapi, na kama njia ya kwenda majini ni ya mwenye shamba au ni ya kijiji kizima, kwa kuwa katika mashauri ya ardhi tuliyoyashuhudia ufukoni, ile njia ndiyo iliyowagombanisha watu mara nyingi kuliko shamba lenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuliweza peke yetu. Ule ukanda wa mchanga uonekanao wakati wa kiangazi na kufunikwa wakati wa masika, ambao kwa bahari ungeitwa pwani, hatujapata neno lake moja la Kiswahili linaloweza kuandikwa katika hati na kila mtu akaelewa. Lugha za ufukoni lazima zinalo, maana watu hulima mboga humo maji yakishuka. Wanachama walio Manda, Lituhi, Matema na Itungi, walio karibu na wazee Wamanda, Wakisi, Wampoto na Wanyakyusa, tutafurahi watuletee neno watumialo huko, pamoja na maelezo kidogo ya jinsi linavyotumika, kabla toleo lijalo halijapigwa chapa.